Pedi za Kufua Wakati wa Damu ya Uzazi: Nilivyochagua Mara Mbili

Mtu akisikia kwamba nilitumia pedi za kitambaa baada ya kujifungua, la kwanza kuniuliza ni kama hazivuji. Zinavuja ukikaa nazo kupita muda wake, kama zile za kutupa zinavyovuja. Mimi yaliyonisumbua ni mengine: nani atazifua, zitakauka wapi, na je, nikiitazama pedi niliyoitoa nitajua kama damu hii ni ya kawaida au ni ya kunikimbiza hospitali? Nimepitia haya mara mbili, kwanza mimba ilipotoka, kisha nilipomzaa mwanangu, na damu hizo mbili hazifanani. Pedi iliyofaa kwenye moja ilinisumbua kwenye nyingine.

Mimba ya kwanza ilifika wiki ya kumi na moja. Ultrasaundi haikuona mapigo ya moyo. Daktari alinipa muda wa kulia, kisha akanieleza njia zilizopo: kusubiri mwili ufanye kazi yake wenyewe, kutumia vidonge vya misoprostoli, au kusafishwa kwa pampu ya mkono. Nikachagua vidonge. Nesi wa zamu akaniambia, "Mama, damu itazidi ya hedhi na itakuja na mabonge. Uwe na pedi za kutosha." Za aina gani hakusema, nami sikuuliza, maana nyumbani nilikuwa na pedi zangu za kitambaa nilizozizoea, za rangi nyeusi na zambarau iliyokolea. Kwa hedhi zilikuwa hazijawahi kuniangusha.

Damu ilianza baada ya saa chache, na tumbo likakaza kwa mikupuo. Zile saa za kwanza nyingi nilizimalizia chooni, kwa hiyo pedi haikuwa na kazi kubwa. Kazi ilianza usiku nilipojilaza. Ukilala damu hutuama, ukiinuka inashuka yote kwa mpigo mmoja, na pedi ya hedhi ya sentimita 25 haina urefu wa kuipokea kwa nyuma. Mabonge nayo hayanywewi na kitambaa. Yanakaa juu, na damu inayofuata inayazunguka na kutokea pembeni.

Hayo yanavumilika. Lililonishinda ni kufua. Pedi ya kutupa unaikunja, unaifunga, inaondoka machoni pako. Ya kitambaa lazima uifungue, uimwagie maji, uikamue kwa mikono yako, na ndani yake hamna hedhi, mna kile ulichokuwa unakipangia jina. Nilikaa na beseni mbele yangu nisiweze kuanza. Dada yangu, aliyekuwa ametoka Himo kuja kuniangalia, akalichukua bila maneno mengi. "Niachie, mdogo wangu. Wewe kalale." Kama asingekuwapo, naamini zile pedi ningezichoma moto zote.

Ndiyo maana rafiki zangu wanaopatwa na hili nawaambia: siku mbili tatu za mwanzo tumia za kutupa, au pamba, au kanga kuukuu ambayo uko tayari kuipoteza. Hata kama nyumba nzima mmeshaachana na pedi za kutupa, hata kama una msimamo wako juu ya mazingira. Mazingira yatakusubiri. Damu ikishapungua na kuwa kama ya hedhi, nayo kwa wengi huisha ndani ya wiki mbili hivi, hapo pedi zako za kawaida za kitambaa zinatosha kabisa. Huna haja ya kununua zile ndefu za wazazi kwa ajili ya mimba iliyotoka mapema. Na kama kuna mwanamke anayependa kufua mwenyewe, kwa sababu zake za kuaga, afue. Nimekutana na mmoja aliyeniambia kwamba ile ndiyo ilikuwa namna yake ya kuzika.

Kuna jambo jingine nililoligundua kesho yake. Nilipiga simu hospitali kwa sababu nilihisi kizunguzungu. Nesi akauliza: umebadilisha pedi mara ngapi tangu asubuhi, zimelowa kiasi gani, damu ni nyekundu mbichi au imekuwa kahawia? Mara ngapi niliweza kusema. Kiasi na rangi sikuweza, kwa sababu pedi nyeusi iliyolowa damu na pedi nyeusi iliyolowa maji ni kitu kimoja machoni. Ilibidi nichukue kitambaa cheupe nikigandamize juu yake ndipo nione. Maduka mengi huuza pedi za rangi za kuficha, na kwa msichana wa shule anayeogopa madoa nawaelewa. Kwa damu ya uzazi rangi hizo zinakufumba macho wakati unaohitaji kuona.

Nikaambiwa mipaka, na naiandika hapa kwa sababu haibadiliki ukitumia kitambaa. Baada ya mimba kutoka, ukilowesha pedi kubwa mbili kwa saa moja, na saa inayofuata ikawa hivyo hivyo, usisubiri asubuhi. Baada ya kujifungua, pedi moja kubwa ikilowa chapachapa ndani ya saa moja, nenda. Bonge kubwa kuliko yai la kuku, homa au kutetemeka kwa baridi, harufu iliyooza, moyo kwenda mbio, macho kuingia giza ukisimama: yote hayo ni ya hospitali, wala si ya kuulizia jirani.

Mimba ikitoka hakuna anayekuja. Anayezaa anaandaliwa mtori, anapikiwa uji, anawekewa mtu wa kufua. Mimba ikitoka unaambiwa "pole, Mungu atakupa nyingine", na Jumatatu unatarajiwa kazini. Damu bado inatoka. Kwa hiyo ukipima kama kitambaa kitakufaa, usipime kitambaa, pima nyumba yako: maji yako bombani au ya kununua kwa ndoo? Bafu ni lako au la wapangaji wote? Kuna mkono wa pili wa kukusaidia? Mimi nilikuwa na dada. Wengi hawana hata huyo.

Mimba ya pili ilipopita miezi sita nikaanza kujiandaa bila haraka. Nilipiga hesabu kwanza. Pakiti ya pedi za kutupa yenye vipande nane hadi kumi ilikuwa inauzwa shilingi 2,000 hadi 3,000 mtaani kwetu Moshi. (Serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike mwaka 2018, ikairudisha mwaka 2019, huko dukani sikuona bei ikishuka wala ikipanda kwa namna ya kunisaidia.) Wiki ya kwanza baada ya kujifungua mtu anaweza kumaliza karibu pakiti nzima kwa siku, kisha matumizi yanashuka, lakini damu huendelea wiki nne hadi sita. Nikikadiria kwa wastani, zinaondoka shilingi 45,000 hivi. Pedi kubwa za kitambaa dukani zilikuwa kama 4,000 kwa moja, na kumi na mbili zinakula fedha ileile. Kwa hiyo anayekwambia kitambaa kitakuokolea fedha kwenye uzazi mmoja anakupamba. Faida inakuja baadaye, hedhi ikirudi, na uzazi mwingine ukija, mradi umezitunza.

Nikaamua kushonesha. Nilikwenda soko la mitumba la Memorial nikachagua mashuka na pajama za flaneli, taulo za pamba na fulana za pamba tupu. Mtumba una faida ambayo kitambaa kipya hakina: umeshafuliwa mara nyingi. Pamba mpya ina mafuta yake ya asili, na ukiitumia kabla ya kuifua mara kadhaa, maji yanateleza juu yake kama juu ya jani la myugwa. Ukinunua pedi mpya dukani zifue na kuzianika mara tatu nne kabla ya siku yenyewe. Na usiweke vilainishi vya nguo vyenye manukato, vinaacha utando unaozuia kunywa.

Fundi wangu alikuwa mama mtu mzima mwenye cherehani barazani kwake. Nilimwamkia, nikamweleza ninachotaka, akacheka. "Mwanangu, hayo sisi tulikuwa tunapiga winda la kanga kuukuu, na tulizaa tisa." Hakukosea, na mfumo wa winda ndio nilioishia kuutumia, ila umeboreshwa kidogo.

Pedi za kitambaa ziko za namna mbili. Kuna zilizoshonwa kila kitu pamoja, matabaka yote ya kunywa ndani na kitambaa cha kuzuia maji chini. Ni rahisi kuvaa, ila hazikauki upesi. Nyingine ni ganda lenye mabawa na vifungo vya kubonyeza, lenye kitambaa kisichopitisha maji, halafu juu yake unaweka kipande unachokikunja mwenyewe. AFRIpads wa Uganda, kwa mfano, wametengeneza pedi za kufua kwa miaka mingi, na pedi zao zimefika mbali Afrika Mashariki. Ukizipata zipo tayari na zina maelezo, lakini zimepimwa kwa hedhi. Kwa damu ya uzazi mimi nilitaka ganda na kipande. Kipande kimoja cha flaneli, mraba, kikikunjwa mara tatu kinakuwa na matabaka mengi, kikifunguliwa kwenye kamba kinakuwa tabaka moja na kinakauka. Tena kikiwa kimefunguliwa kinafanana na nepi ya mtoto. Wakati ambao kamba nzima ya nguo imejaa nepi, hakuna mpangaji atakayejua kipi ni cha mtoto na kipi ni chako. Hili nalitilia mkazo kwa sababu aibu ndiyo inayowafanya wanawake waanike pedi chini ya kanga au nyuma ya mlango, zikakaa na unyevu, zikapata ukungu, kisha wakawashwa na kusema kitambaa si kisafi. Kitambaa kilikosa jua.

Vipimo nilivyompa fundi: urefu sentimita 35, nyuma pana kuliko mbele kwa sababu ya kulala, kitambaa cha kukaa mwilini cha fulana laini, cheupe au rangi ya maziwa. Taulo ikae ndani, isiguse mwili. Vile vitanzi vya taulo hunasa kwenye nyuzi, na mimi nilishonwa baada ya kujifungua, kwa hiyo nilishukuru. Plastiki ya pedi za kutupa nayo inatia joto mahali penye kidonda. Siku ya kwanza ya uvimbe nilipata nafuu kwa barafu iliyofungwa kwenye kitambaa safi, nikaitoa na kuirudisha. Mama yangu alikuwa amepanda basi toka Tanga na nia yake ya kunikanda kwa maji ya moto, akakuta mkwe wake na mjukuu wamelala nami nimekalia barafu. Tulijadiliana. Maji ya moto yaliyopitiliza yanaunguza, na mwenye nyuzi anaungua kabla hajahisi. Tukakubaliana na maji ya uvuguvugu ya kujisafisha kila nikitoka chooni.

Kabla ya kujifungua nilifanya jaribio moja dogo ambalo sasa ninamshauri kila mtu. Nilipima maji kwenye kikombe nikayamimina polepole juu ya pedi yangu iliyokunjwa, hadi ikaanza kuchuruzika. Ilibeba karibu nusu ya kikombe cha robo lita. Kwa nini nilitaka kujua? Kwa sababu wakunga wanahesabu kutoka damu nyingi baada ya kujifungua kuwa ni nusu lita au zaidi, ujazo wa chupa ndogo ya maji ya kunywa, na hilo ndilo linaloongoza kuua wazazi duniani. Mtu akiniuliza nimelowesha pedi ngapi, nijue pedi yangu ni kipimo gani.

Hata hivyo, hospitali sikwenda na kitambaa peke yake. Kwenye begi la kujifungulia nilifunga pamba kubwa, mpira wa kutandika, mipira ya mikono, khanga, kama orodha ya kliniki ilivyotaka, na pedi za kutupa za siku mbili. Wodini huwezi kufua damu, huna pa kuanika, na ndoo ya vitambaa vya damu chini ya kitanda ni kero kwako na kwa mwenzako. Tena pale manesi wanataka kuona. Mkunga alikuja kila baada ya muda mfupi, akabonyeza tumbo kuona kama mji wa mimba umekaza, akasema, "Nionyeshe pedi, mama." Kwa ile pamba nyeupe alihitaji kutupia jicho tu.

Nyumbani ndipo kitambaa kilipoingia, na hapo kilinifaa kuliko nilivyotarajia. Siku tatu nne za kwanza damu ni nyekundu na nzito, kisha inakuwa ya waridi na kahawia, mwishoni majimaji ya manjano-meupe. Juu ya kitambaa cheupe niliiona safari hiyo yote. Niliona pia kwamba nikimnyonyesha tumbo linakaza na damu inaongezeka dakika zile. Ni oksitosini, homoni inayosukuma maziwa na kukaza mji wa mimba kwa wakati mmoja. Nikawa navaa pedi mpya kabla ya kunyonyesha, si baada. Karibu wiki ya pili damu ikarudi kuwa nyekundu kwa muda mfupi. Ilinitia hofu. Nesi akanieleza kwamba gamba la pale kondo lilipokuwa limeshikilia huwa linabanduka wakati huo, na kama inaisha ndani ya saa moja au mbili si neno, ila ikiendelea au ikizidi nirudi. Akaongeza kwamba damu inayorudi ukibeba ndoo na kudeki ni mwili unakwambia ukae chini. Hilo nililiwasilisha kwa mume wangu kama agizo la daktari.

Kwa Waislamu wenzangu, rangi nyeupe ina faida ya ziada. Wengi wetu tunangoja arobaini kwa mazoea, ilhali nifasi, yaani damu ya uzazi, ikikatika mapema unaoga na kuswali, na ikipita arobaini, kwa madhehebu ya Shafi ya pwani yetu mwisho wake ni siku 60. Kujua imekatika kunataka kitambaa kinachoonyesha.

Kufua kulikwenda hivi. Maji ya kwanza ni baridi siku zote. Ya moto yanagandisha damu kwenye nyuzi na doa haliondoki tena. Bonge linadondoshwa chooni, maji ya kwanza yanamwagwa chooni, kisha kipande kinalowekwa kwenye ndoo yenye mfuniko, kwa saa chache tu, si kwa siku mbili. Halafu sabuni ya mche, suuza mpaka povu liishe, jua kali. Jiki nilijiepusha nayo kwenye maganda, inakula kile kitambaa kisichopitisha maji, na pasi ya moto nayo haifai juu yake. Vipande vya ndani ukivipiga pasi siku ya mawingu hakuna ubaya. Anayekufulia, hata akiwa mama yako mzazi, avae mipira ya mikono. Mama mkwe wangu alinuna kidogo nilipomwambia, akidhani namwona mchafu. Nilimwambia, "Mama, shida ni damu yangu, si mikono yako. Hospitali wanavaa kwa kila mtu." Akavaa. Na pedi za mtu ni zake, haziazimwi.

Nilijifungua Juni, na Moshi Juni na Julai mlima unajifunika, jua halitoki mpaka mchana. Zile chache zilizoshonwa kila kitu pamoja, nilizokuwa nimenunua dukani kwa kujaribu, zilichukua siku mbili kukauka. Vipande vya kukunja vilikauka siku ileile. Maganda hayakuhitaji kufuliwa kila mara. Yakiwa hayajapakaa niliyafuta na kubadilisha kipande tu. Kwa hiyo maganda sita yalinitosha, ila vipande ndivyo vilivyokuwa vinapungua, hasa usiku. Sehemu za siri hazitaki kitu kilichokaa zaidi ya saa nne hadi sita hata kama hakijajaa, na wiki ya kwanza nilibadilisha mapema zaidi ya hapo. Kikombe cha hedhi, ambacho wifi yangu anakisifia, hakiingizwi kabla ya wiki sita na kabla ya kupimwa, na hapo hata yeye alikubali.

Huyo wifi sasa ana mimba na anatarajia Aprili, katikati ya masika, kwenye nyumba ya kupanga yenye kamba moja ya nguo kwa kaya nne. Pedi zangu hatazitumia, atashonewa zake. Nimemwambia fundi maganda yabaki sita, vipande vya ndani aviongeze mara mbili, na wifi nimemwambia atenge fedha ya pakiti za kutupa za wiki nzima, mvua ikigoma kukatika.